Nimeitwa kwenda kulea yatima Zambia, lakini mama yangu amenyamaza

Mama Mshauri, Bwana asifiwe.

Mimi ni msichana wa miaka 24, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Nimesoma uuguzi na sasa natumika katika kituo kimoja cha afya kule Ruashi. Tangu nikiwa mdogo moyo wangu uko kwa watoto wasio na wazazi. Kanisani tulifundishwa habari za George Müller wa Bristol, Uingereza, aliyelea maelfu ya yatima kwa maombi bila kumwomba mtu pesa, na tangu hapo najua Mungu ananiita kazi hiyo.

Mwaka jana, katika mkutano wa vijana, alikuja mtumishi kutoka Zambia mwenye nyumba ya yatima karibu na Kitwe. Wana watoto 42. Alisema wanatafuta dada wa kukaa na wachanga. Nilifunga na kuomba, na mchungaji wangu naye akaniambia ameliona jambo hili katika maombi. Wamenialika kwa mwaka mmoja kwanza.

Mpango wao ni huu. Nitalala chumba kimoja na watoto 12 walio chini ya mwaka mmoja, niwe mama yao. Chakula na kitanda ni bure. Kanisa letu litanipa dola 80 kwa mwezi kwa miezi 6, halafu tunaamini Mungu atafungua mlango mwingine. Wameniomba nitume picha za watoto kila wiki kwa wafadhili wao. Kuhusu karatasi, wanasema niingie kama mgeni, na siku zikiisha nirudi mpakani Kasumbalesa kugongewa muhuri mpya, maana wengine wanafanya hivyo.

Kuna jambo lingine. Katika parsele, yaani kiwanja, ya jirani yetu yuko mtoto wa kike wa miaka 6. Mama yake alikufa wakati wa kujifungua mdogo wake. Baba alienda machimboni Kolwezi na hatusikii habari zake. Anakaa na bibi yake ambaye macho hayaoni vizuri tena. Watu wa Kitwe wamesema nije naye, atasoma Kiingereza na kula vizuri. Bibi amekubali, ametia kidole kwenye karatasi tuliyoandika.

Nyumbani baba yetu alifariki. Mama anauza unga na makayabo, samaki wa chumvi, katika soko la Kenya hapa hapa Lubumbashi. Mshahara wangu unalipa nusu ya kodi na masomo ya wadogo zangu wawili, mmoja wao yuko mwaka wa mwisho na atafanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Baba mdogo amesema mbele ya familia yote, "Yatima wako wa kwanza ni hao wadogo zako." Mama yeye hasemi kitu. Nikimwuliza, anajibu tu, "Mapenzi ya Mungu yafanyike," na kuendelea kupima unga.

Nikibaki naogopa kuwa Yona. Nikienda naogopa kuwaacha. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Nisaidie kufikiri.

Mtumishi wa Katuba

*

Mwanangu Mtumishi wa Katuba,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, kwa sababu imebeba mambo manne na umeyaweka yote chini ya neno moja, wito. Kuna wito wenyewe. Kuna nyumba ile ya Kitwe na namna inavyotaka kukutumia. Kuna mtoto wa jirani. Na kuna mama yako na wadogo zako. Unaweza kukubali moja na kukataa lingine bila kumkosea Mungu. Nakuomba uyaangalie kila moja peke yake kabla ya kuyarudisha pamoja.

Naanza na mtoto wa jirani, maana hapo nitasema wazi kuliko mahali pengine. Usivuke naye mpaka. Kidole cha bibi kwenye karatasi ya nyumbani hakina nguvu ya kisheria. Baba yake, mpaka ithibitishwe vingine, yuko hai, na haki zake juu ya mtoto hazijafutwa na yeyote. Nchi yetu ina sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na sheria hiyo ndiyo iliyoweka mahakama za watoto. Swali la nani amlee mtoto asiye na wazazi karibu ni la mahakama hiyo, pamoja na watu wa Mambo ya Jamii. Afisa wa DGM, yaani idara yetu ya uhamiaji, pale Kasumbalesa akikuuliza mtoto huyu ni wako kwa karatasi gani, utakuwa msichana wa miaka 24 mwenye mtoto wa mtu mwingine, na kosa linalofanana na hilo linaitwa usafirishaji haramu wa watoto. Nia yako njema haitaonekana kwenye karatasi.

Haya yamewapata waumini wenye moyo kama wako. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Wabatisti kumi kutoka Marekani walikamatwa wakiwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila karatasi. Waliamini wanaokoa yatima. Baadaye ikajulikana kwamba watoto wale walikuwa na wazazi walio hai, waliowatoa kwa sababu ya umaskini na kwa ahadi ya shule. Hapa kwetu pia, mwaka 2013 serikali ilisimamisha hati za kutoka za watoto waliokuwa wakiasiliwa na watu wa nje, kwa hofu ya udanganyifu wa namna hiyo hiyo.

Sasa fikiri upande wa mtoto. Amepoteza mama. Baba hayuko. Anayejua jina lake lote, mizaha yake na chakula asichokipenda ni bibi huyo mmoja. Kitwe atakuwa mtoto wa 43. Je, kuna mtu amemwuliza bibi anahitaji nini ili aendelee kumlea? Wewe ni muuguzi, mwangalie macho. Kama ni mtoto wa jicho, hayo hutibika kwa upasuaji mfupi, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Uliza kama mtoto aliandikishwa alipozaliwa. Kama hakuandikishwa katika siku 90, itahitajika hukumu ya mahakama kwanza, ndipo komine (ofisi ya manispaa) itoe cheti. Anza hilo, kwa sababu bila cheti atakwama siku ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Shule za msingi za serikali hazitozi ada tangu 2019, kwa hiyo kinachobaki ni sare, viatu, madaftari na vile vidogo ambavyo shule huomba. Ulizeni pia ndugu za mama yake, na tumieni makanisa yenye matawi Kolwezi kumtafuta baba. Huo wote ni utumishi kwa yatima, na unafanyika ndani ya parsele ya jirani yako.

Nyumba ya Kitwe sasa. Umenitajia Müller, na nafurahi, kwa sababu kuna mambo katika kazi yake ambayo mara nyingi hayasimuliwi. Alianza mwaka 1836 katika nyumba ya kupanga, na mwishowe akawa na majengo makubwa matano pale Ashley Down yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Lakini kanuni yake ilikuwa kupokea mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili. Kila mwaka alichapisha hesabu ya kila kilichoingia na kutoka, watu wasome. Na kazi hiyo yenyewe haikubaki kama alivyoianza: mwaka 1958 majengo yale ya Ashley Down yaliuzwa, na watoto wakalelewa katika nyumba ndogo zenye watoto wachache. Warithi wa imani yake waliona kwamba mtoto hustawi zaidi katika kitu kinachofanana na familia. Kwa hiyo ukimfuata Müller kwa uaminifu, una haki ya kuuliza Kitwe maswali magumu.

La kwanza: kati ya wale 42, wangapi hawana mzazi hata mmoja? UNICEF humhesabu yatima hata aliyefiwa na mzazi mmoja tu. Kwa hesabu yao ya mwaka 2015 kulikuwa na yatima karibu milioni 140 duniani, na kati yao waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1. Waliobaki, yaani sehemu kubwa sana, walikuwa na mama au baba hai. Nyumba nyingi za yatima zimejaa watoto ambao ugonjwa wao ni umaskini wa familia. Na kama wafadhili wanalipa kwa hesabu ya vichwa, mtoto anayerudi kwa shangazi yake ni pesa inayopungua. Sisemi nyumba hiyo ina nia mbaya. Nasema mpango wa pesa unaweza kumshikilia mtoto ndani hata kama kila mtu pale anampenda.

La pili ni hesabu ambayo wewe muuguzi utaielewa upesi. Watoto 12 walio chini ya mwaka mmoja. Tuseme kila mmoja anapewa chupa mara 6 kwa siku, na wachanga kabisa huhitaji zaidi. Tuseme kila chupa inachukua dakika 20 ukimshika vizuri na kumcheulisha. Chupa 72 mara dakika 20 ni dakika 1,440. Hizo ni saa 24 kamili, kabla hujabadilisha nepi moja, kabla hujachemsha maji, kabla hujalala. Kinachotokea mahali pa namna hiyo kinajulikana: chupa inaegemezwa kwenye mto, mtoto anapaliwa au maziwa yanaingia masikioni, kuharisha kunapita kutoka kitanda hadi kitanda, na anayelia sana anahudumiwa kwanza. Wengine wanaacha kulia. Mgeni akitembelea husema, "Watoto hawa wametulia." Wewe unajua kwamba mchanga asiyelia ana shida.

Kisha mwaka unaisha, unarudi Katuba. Wale 12 waliokuita mama wanapoteza mama wa pili, na mwaliko unaenda kwa dada mwingine. Hapo ndipo penye uzito mkubwa, mwanangu, na ningependa ukae napo katika maombi yako. Uchunguzi ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, na watoto 136 waliokuwa katika taasisi, uliwafuata kwa miaka mingi waliopelekwa katika familia za kulea na waliobaki. Waliopata familia kabla ya umri wa miaka 2 hivi walifanya vizuri zaidi katika akili na katika kumshikamania mlezi. Mtoto anahitaji mtu mmoja au wawili ambao hawabadiliki. Ukarimu ambao mtoto anamwonyesha kila mgeni, kukimbilia mapajani pa kila anayeingia, mara nyingi ni dalili ya kumkosa mtu huyo. Na hapo ndipo picha za kila wiki zinapotoka: mtoto anayemkumbatia mgeni hupendeza sana kwenye simu ya mfadhili. Fikiri kama ungekubali mdogo wako apigwe picha ya namna hiyo, na nani alitoa ruhusa.

Kwa hiyo kabla ya kujibu, waandikie barua ya heshima. Uliza kama nyumba ina kibali cha serikali ya Zambia. Nchi hiyo ilipitisha sheria yake ya watoto mwaka 2022, na nyumba yenye kibali haiwezi kuona haya kukionyesha. Uliza walezi ni wangapi kwa zamu ya mchana na ya usiku, wamekaa miaka mingapi, na kama wanalipwa. Uliza kama kila mtoto ana faili lenye majina ya ndugu na sababu ya kuingia. Uliza mwaka uliopita wangapi walirudi kwa familia na nani aliwafuatilia. Uliza mtoto akiumizwa na mtu mzima anamwambia nani, na kama wewe mwenyewe utatakiwa kuleta cheti cha kutokuwa na kesi. Nyumba inayompokea mgeni kulala na wachanga bila kuuliza lolote juu yake, kesho itampokea hivyo hivyo mtu mbaya. Majibu yakija na uvumilivu na uwazi, hiyo ni dalili nzuri. Yakija na hasira, au na maneno kwamba unakosa imani, nayo ni majibu.

Kuhusu karatasi zako: muhuri wa mgeni hauruhusu kazi, hata kazi isiyo na mshahara, na kuurudiarudia Kasumbalesa kunaweza kukuletea kufukuzwa na kufungiwa njia ya baadaye. Nenda konsula ya Zambia hapa mjini, uliza kibali kinachofaa, na mwambie mwenyeji wako akiombe yeye. Jambo ambalo hawakukuambia: diploma yako ya Kongo haikupi ruhusa ya kufanya uuguzi Zambia. Kuna baraza la wauguzi na wakunga la nchi hiyo, na ni lazima kusajiliwa nalo. Ukichoma sindano bila usajili na mtoto akapata shida, utabeba wewe. Chanjo ya homa ya manjano dozi moja inatosha kwa maisha yote, lakini kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Lugha itakusaidia kidogo: ukiwa na Kibemba cha nyumbani, utaelewana na walezi wa Kitwe kabla ya Kiingereza chako kukomaa.

Pesa: dola 80 kwa miezi 6 ni dola 480, na mwaka una miezi 12. Imani haizuii kuuliza miezi mingine 6 iko wapi. Kabla hujaondoka, nauli ya kurudi na pesa ya hospitali ya mwezi mmoja ziwekwe kando kwa mweka hazina wa kanisa, zisiguswe. Na wawepo watu wawili, mmoja wao mwanamke, ambao utawapigia kila wiki na ambao wana mamlaka ya kukuita nyumbani. Kanisa la Antiokia liliwaweka mikono Barnaba na Sauli likiwajua, na waliporudi wakatoa habari zote mbele ya kanisa.

Umemtaja Yona. Lakini soma pia Matendo 16, Paulo alipotaka kwenda Asia akazuiwa, akajaribu Bithinia akazuiwa tena, ndipo akaelekezwa Makedonia. Hakuwa muasi wakati mlango ulipofungwa. Na Yakobo 1:27 inawataja yatima na wajane pamoja, katika dhiki yao. Inawezekana wito wako ni wa kweli kabisa, na mlango huu wa kwanza si wenyewe. Inawezekana pia ndio wenyewe, ila kwa kazi nyingine. Ukienda Kitwe, ungeweza kuomba usiwe mama wa 12 bali mtu wa kuwaimarisha walezi wanaobaki: kuwafundisha kupima uzito kila mwezi, kupima mzunguko wa mkono wa juu kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi na kujua kwamba chini ya sentimita 11.5 apelekwe hospitali mara moja, kuchanganya maji ya kuharisha kwa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kazi hiyo inabaki ukiondoka. Hatari yake ni kwamba wao hawakukuomba hiyo, na huenda wakatafuta dada mwingine.

Ungeweza kwenda kwanza wiki mbili kama mgeni, bila kulala na watoto, ukaona kwa macho. Ungeweza kusogeza jambo lote mwaka mmoja, ujifunze Kiingereza, uanze usajili wa uuguzi, na jioni za wiki utumike hapa. Wasalesiani wa Don Bosco wanawapokea watoto wa barabarani Bakanja, na katika makanisa yetu wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi, jambo ambalo sheria ile ya 2009 inaliadhibu. Hatari ya kungoja ni kwamba shughuli huongezeka na moto hupoa. Kwa wengine hupoa kweli. Kwa wengine mwaka wa kungoja huonyesha kwamba moto ulikuwa wa kukaa. Na ungeweza kwenda kama walivyopanga, lakini nimekueleza ninachokiogopa hapo.

Baba mdogo amesema maneno makali, na ndani yake mna kweli: wadogo zako wamefiwa na baba. Lakini yeye naye ni baba yao mdogo. Mwulize kwa upole, mbele ya wazee wale wale, yeye ataweka kiasi gani kwa mwezi kama ukienda.

Kimya cha mama yako ndicho ambacho singekifasiri kwa niaba yake. Kinaweza kuwa baraka, kinaweza kuwa hofu ya kodi, kinaweza kuwa mjane anayeogopa kushindana na Mungu kwa ajili ya binti yake. Usimwulize sokoni akiwa na wateja. Mwulize jioni, mkiwa wawili, na usimwulize kama anakubali, kwa sababu hilo atalijibu kwa Maandiko. Mwulize mwezi wa kwanza bila mshahara wako atalipa nini kwanza na nini kitabaki. Andikeni pamoja kodi, unga wa kuanzia biashara, ada za mdogo wa mwisho, na pesa za Exetat ambazo hazingoji mtu. Ukimaliza karatasi hiyo na yeye, na majibu ya Kitwe yakiwa yamefika, niandikie tena kabla ya tarehe yao. Kama muda hautoshi, waombe waongeze.

Mama Mshauri